Kengele na Bangili

Barabara ya bomba haikuwa na gari. Hilo ndilo jambo la kwanza Makau alilowaambia watu wa kwao Kibwezi alipopata kazi ya kulinda bomba la maji, na alilisema kwa majivuno: maili kumi na tisa za changarawe iliyoshindiliwa vizuri, na hakuna lori la kukufukuza vichakani wala basi la kukulisha vumbi. Upande wa Voi imefungwa kwa mnyororo. Wanaopita humo ni baiskeli za walinzi, swala na ndovu, basi. Lori la posho huja mara moja kwa wiki mbili. "Naendesha kama gavana," aliwaambia. "Hakuna wa kuniambia sogea."

Siku ile ya Septemba, mwaka wa hamsini na nane, angetoa meno yake yote ya mbele ili aone hata lori moja bovu.

Kazi yenyewe ilikuwa kazi ya masikio. Bomba lilikuwa limelala chini ya udongo kando ya barabara, na kila baada ya mwendo fulani kulikuwa na kisanduku cha saruji ambamo chuma chake kilionekana. Makau alikuwa akishuka, anaweka ncha moja ya fimbo kwenye chuma na nyingine sikioni, kisha anasikiliza. Maji yakivuja mahali, hata kama ni kidogo, yeye alisikia. Mwenzake wa kambini, Owino, alimwambia kwamba ana masikio ya sungura. Owino alikuwa akitania, lakini Makau aliipokea kama sifa na akaiandika kwenye barua ya nyumbani.

Kambi ilikuwa vyumba vinne vya mabati chini ya migunga, na vilima vya Taita vikionekana kwa mbali upande wa kusini. Viwili vilikuwa stoo. Kimoja alikaa Owino, na kingine Makau na mkewe Loise. Mwezi wa Agosti Loise alijifungua mtoto wa kike, wa kwanza, na mama yake akapanda treni kutoka Kibwezi kuja kumsaidia. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu, ingawa ulikuwa ugumu wa heshima.

Wakamba wana kitu wanachokiita nthoni. Ni aibu, lakini si ile ya mtu aliyekosa. Ni aibu ya adabu, na makao yake ni kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hawatazamani usoni. Hawalali chini ya paa moja, hawapeani mikono, hawaitani majina. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Wataishi hivyo hadi siku mwanamume atakapompelekea mama mkwe blanketi mbele ya wazee, maneno yakasemwa, ndipo wafunguliwe kidogo, waweze angalau kuamkiana. Makau alikuwa amebatizwa, na mwalimu wa kanisa lao alikwisha kusema kwamba hayo ni mambo ya kale. Lakini maji ya ubatizo yalimfika Makau kichwani tu, na nthoni ilikuwa mahali pengine. Blanketi alikuwa amekwisha kulinunua, jekundu lenye mistari myeusi. Lilikuwa sandukuni likingoja Desemba, wazee watakapokuwa na nafasi.

Basi alihamia chumbani kwa Owino. Kila aliporudi kutoka njiani alipiga kengele ya baiskeli tangu mbali ili mama mkwe apate muda wa kujificha. Kisha alisikia bangili. Katuku, ndilo lilikuwa jina la mama huyo, ingawa Makau hakuwahi kulitamka maishani mwake, alivaa bangili nene ya shaba mkono wa kushoto, pana kuliko kifundo cha mkono chenyewe, nayo iligonga kila kitu alichoshika. Kengele ililia, bangili ikagonga ndoo, mlango ukafungwa. Kwa wiki tatu Makau hakumwona mama mkwe wake isipokuwa kisigino kikipotea ndani.

"Mama yule ananipenda," alimwambia Owino siku moja.

"We! Umejuaje na hujawahi kumwona?"

"Husikii anavyofunga mlango? Polepole."

Owino alicheka mpaka akakohoa. Kwao Nyanza pia wakwe huheshimiwa, lakini hakuwa amesikia mtu akipendwa kwa mlango. Wiki iliyofuata alikwenda likizo, na kambini wakabaki watatu na kitoto.

Asubuhi ile, saa moja hivi, Katuku alikwenda kuokota kuni. Aliinua gogo karibu na kisanduku cha bomba, na chini yake alikuwako swila. Nyoka alimgonga juu kidogo ya kifundo cha mguu, akaingia kwenye majani na kwenda zake.

Loise alipiga ukemi. Makau alitoka chumbani kwa Owino mbio, shati mkononi, na alipobakisha kama hatua kumi akasimama ghafla. Mama mkwe alikuwa ameketi chini peupe, mguu wazi mpaka gotini. Makau akageuka akawapa mgongo.

"Ni nini?" aliuliza, huku ametazama bomba.

"Nyoka! Mama ameumwa na nyoka! Mbona unanipa mgongo?"

"Mfunge mguu. Chukua kitambaa umfunge."

"Nimefunga! Geuka, Makau, mama anakufa!"

Hakugeuka. Alitaka, na hili ni kweli kabisa, lakini shingo ilikataa. Alisimama hapo jua likimpanda mgongoni, akihesabu kichwani. Lori la posho lilipita juzi. Kambi nyingine iko maili kumi na saba upande wa pili, mbali na Voi, nayo haina dawa wala gari. Barabara kuu ya Taveta iko ng'ambo ya vilima. Voi kuna hospitali, na katika nyumba ya mlinzi wa mnyororo kuna simu. Maili kumi na tisa. Hapa kambini kuna baiskeli moja, na anayejua kuiendesha ni mmoja.

Nyuma yake alisikia mama na binti wakibishana kwa sauti ya chini. Kisha Loise akasema kwa nguvu, ili wote wawili wasikie, "Mama anasema hawezi kumshika mkwe wake kiunoni. Anasema afadhali afe hapa."

"Mwambie," Makau akaliambia bomba, "mwambie si lazima anishike."

"Basi atakaa akitazama nyuma. Lete baiskeli halafu uende kando."

Alileta baiskeli, akaisimamisha, akaenda kando. Loise aliingia nyumbani akatoka na kitu cha kutandika kwenye keria. Makau alipoitwa na kushika usukani aliliona kwa pembe ya jicho: blanketi jekundu lenye mistari myeusi, limekunjwa mara nne. Mama mkwe alikuwa amelikalia. Moyo wake ulishtuka, maana blanketi halikutolewa mbele ya mzee yeyote wala hakuna neno lililosemwa, hivyo lilikuwa blanketi tu la kukalia. Akakaza macho mbele.

Loise alimfunga mama yake kwa leso mbili, akazizungusha chini ya kiti cha baiskeli na kwenye chuma. Sasa mwanamume na mama mkwe walikuwa mgongo kwa mgongo, na kati yao nafasi ya kiganja.

"Sikilizeni," Loise alisema. Alikuwa analia lakini alipanga mambo vizuri. "Mimi siwezi kuja, na huko njiani hakuna mtu wa kuwapelekea maneno. Makau, ukitaka kujua hali ya mama, piga kengele. Mama, ukisikia kengele, gonga chuma kwa bangili mara mbili. Umesikia, mama?"

Nyuma ya Makau bangili iligonga keria. Mara mbili.

"Haya nendeni. Nendeni!"

Yeyote aliyewahi kubeba mtu mzima kwenye changarawe anajua kazi iliyokuwako. Gurudumu la nyuma lilizama, usukani ukawa mwepesi mno mbele, na kila kokoto ilitaka kumpeleka upande wake. Makau aliinama akakanyaga. Alijua kila shimo la barabara ile, alipajua palipo na mchanga na palipo na mawe, na kwa mara ya kwanza alikwepa vyote kwa ajili ya mtu mwingine. Alipiga kengele. Klang, klang. Akaenda nusu maili, akapiga tena. Klang, klang.

"Vizuri," aliuambia usukani. "Vizuri sana."

Baada ya maili nne hivi sauti ilisikika nyuma, ya mama mzima asiyetaka kusumbua mtu.

"Baiskeli," ilisema, "nina kiu."

Makau alishika breki. Hakuwahi kuisikia sauti ile karibu hivyo, na ilifanana na ya Loise mpaka nywele zikamsimama. Alifungua chupa ya maji, akanyoosha mkono nyuma huku uso umekaza mbele, na akahisi chupa ikichukuliwa kwa adabu, vidole visikutane. Alisubiri. Chupa ilirudi.

"Baiskeli, asante," sauti ilisema. "Wewe ni baiskeli nzuri."

Akaendelea. Machozi yalimtoka na hakujua ni ya nini. Alifikiri: tukifika, Desemba sitangoja. Nitakwenda Kibwezi wiki hii hii, nitaita wazee, nitanunua blanketi jingine, na mbuzi nitaongeza. Nitamwamkia. Nitamwambia, mama, mimi ndiye baiskeli.

Kwenye maili ya tisa, penye mteremko wa korongo kavu, kulikuwa na ndovu.

Walikuwa saba, na watoto wawili. Walikuwa wamesimama barabarani kana kwamba barabara ilitengenezwa kwa ajili yao, wakijimwagia vumbi. Makau alisimama kwa breki na miguu. Hatua mia moja na hamsini, si zaidi. Huwezi kumpigia ndovu mwenye mtoto kengele. Huwezi kumpigia kelele. Kuzunguka vichakani na mzigo ule haikuwezekana, na kurudi nyuma kulikuwa kurudi wapi? Siku nyingine mlinzi wa bomba hukaa chini, huvuta sigara, hungoja. Makau alingoja akiwa amesimama, baiskeli katikati ya miguu, mikono kwenye usukani. Jike kubwa liliinua mkonga likanusa upande wao, likauteremsha, likaendelea na vumbi lake. Aliwachukia ndovu wale kwa chuki ambayo hakujua anayo. Aliwaomba pia. Aliwaita wazee wangu, aliwaita mabwana, yote kwa kunong'ona.

Palikuwa kimya kabisa, na katika kimya hicho akaisikia sauti.

"Makau."

Alidhani amesikia vibaya. Mama mkwe haliiti jina la mkwewe. Halitaji hata akisimulia habari zake kwa wengine, husema baba wa fulani. Ulimi ulikuwa mzito, neno lilitoka nusu limelala, lakini lilikuwa hilo.

"Makau."

Mara mbili. Damu ilimpanda usoni kwa aibu, na haikuwa aibu yake mwenyewe. Alimwonea aibu mama yule aliyefikishwa na sumu mahali pa kutaja asichoruhusiwa kutaja. Angeitika, jambo hilo lingekuwa limetokea. Lingekuwa limesemwa na limesikiwa, na kesho akipona angelikumbuka, asingeweza tena kuketi nyumbani kwa binti yake bila kuinamisha kichwa. Asipoitika, halikutokea. Hiyo ndiyo heshima aliyofundishwa: ukisikia la mkwe lisilosikika, hukusikia. Basi Makau mwenye masikio ya sungura alitazama ndovu mbele yake, na hakusikia.

Sauti haikuita mara ya tatu.

Ndovu waliondoka walipotaka wenyewe. Ilikuwa nusu saa, au zaidi, hakuwa na saa. Yule wa mwisho alipoingia vichakani Makau aliruka juu ya pedali, na alipopita mahali pao, penye mavi yanayofuka moshi, akapiga kengele.

Klang. Klang, klang.

"Mungu asante," alisema kwa sauti.

Kutoka hapo barabara ni mbaya. Mvua ya mwaka uliopita ilikuwa imeikwaruza, na changarawe imekaa mafungu mafungu kama mahindi yaliyoanikwa. Baiskeli ilitingishika mpaka meno yakagongana. Lakini kila alipopiga kengele bangili ilijibu. Ilijibu haraka kuliko mwanzo. Mara nyingine ilijibu mara tatu, mara nne. Penye mawe makubwa iligonga bila hata kuulizwa, klang klang klang, na Makau aliipokea kama mtu anayehimizwa na mwenzake: twende, twende. Amepata nguvu, alifikiri. Sumu imechoka. Ananiambia nisilegee. Naye hakulegea. Mapaja yaliwaka moto, mdomo ulikauka, na chupa ya maji hakuigusa kwa sababu ilikuwa ya mama.

Kwenye maili ya kumi na tano alithubutu hata kuzungumza. Hakumwambia yeye, aliiambia kengele. Alisema mtoto ana nywele nyingi. Alisema Loise anataka aitwe jina la bibi yake, naye amekubali, itambidi tu atafute jina la pili la kumwitia, maana yeye mwenyewe lile halimtoki mdomoni. Aliona ni jambo la kuchekesha kidogo, akacheka kidogo. Klang, klang, bangili ilisema.

Aliona mabati ya nyumba ya mlinzi. Aliona mnyororo. Hatua mia mbili za mwisho, kuelekea mnyororoni, wenye bomba walikuwa wamezimwagia saruji ili malori yao yasikwame wakati wa masika. Gurudumu la mbele lilipanda kwenye saruji, likafuata la nyuma, na kelele zote zikaisha mara moja. Kokoto, spoki, keria, vyote vilinyamaza. Baiskeli ilienda kimya kama iko majini.

Makau alipiga kengele.

Aliendelea kukanyaga. Alipiga tena. Aliinamisha kichwa upande kama afanyavyo kwenye bomba. Alisikia mnyororo wa baiskeli ukizunguka, alisikia njiwa juu ya mgunga, alisikia pumzi yake mwenyewe. Ndipo alipoelewa ni nani aliyekuwa akimjibu tangu kwenye ndovu. Ilikuwa barabara.

Alipiga kengele. Alipiga, akapiga, hakuacha, na ndiyo iliyomtoa mlinzi nje. Mlinzi huyo, Hudson, alikuwa mtu wa Mraru huko Taita, askari mstaafu, mkali wa daftari na mkali zaidi wa kofia. Alitoka akigomba. "Wewe! Nani anapiga kengele hivyo kama..." Kisha akaona kilichofungwa nyuma ya baiskeli. Alisogea akatazama usoni, akaushika mkono ulioning'inia kando ya keria, mkono wenye bangili, akaushika muda mrefu. Halafu alivua kofia.

"Ni mama yako?"

"Ameumwa na nyoka," Makau alisema. Alikuwa bado ametazama mbele, mikono kwenye usukani. "Piga simu, mzee. Piga simu gari lije. Alikuwa anagonga sasa hivi."

Hudson hakubishana naye. Aliingia ndani, akasikika akizungusha simu na kupaza sauti. Akatoa kichwa dirishani. "Gari linakuja. Wanataka jina."

"Mama mkwe."

"Hilo si jina, kijana. Jina lake."

Makau alifungua mdomo. Lilikuwa neno dogo, binti yake wa wiki tatu angepewa hilo hilo, kila jirani wa Kibwezi alilipaza sauti juu ya ua asubuhi. Lilifika kooni likakaa. Alijaribu tena. Hudson alingoja na simu sikioni, na huko Voi mtu fulani pia alingoja na kalamu.

Makau aliteremka kwenye baiskeli, akaiegemeza kwenye nguzo ya mnyororo kwa uangalifu, akazunguka nyuma. Kwa mara ya kwanza alimtazama. Alikuwa na paji la uso la Loise. Macho yalikuwa nusu wazi, yametazama barabara walikotoka, maili zote zile zisizo na mtu. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, umeishia kwenye neno. Kama ni maji alitaka, angeiambia baiskeli. Alichotaka kilikuwa cha Makau mwenyewe, na Makau hatakijua mpaka anaingia kaburini.

"Katuku," alisema. "Anaitwa Katuku."

"Katuku," Hudson alirudia kwenye simu. "Ka-tu-ku. Ndiyo."

Makau alipiga magoti kwenye saruji, akaushika kwa mikono yake yote miwili ule mkono ambao hakuruhusiwa kuushika.

"Naam, mama," alisema kwa Kikamba. "Nilikusikia."